Bei ya Umeme Uganda: Ni Nani wa Kuulizwa?

Katika mambo yanayozungumzwa majumbani na barazani hapa Afrika Mashariki, bei ya umeme haikosi kutajwa. Mwenye nyumba alalamika, fundi wa kuchomelea vyuma alalamika, na mwenye mashine ya kusaga naye vivyo hivyo. Serikali ikiulizwa husema kazi imo mikononi mwa kampuni. Kampuni ikiulizwa husema bei hupangwa na wakubwa. Ili tulijue jambo hili vyema, twapenda kuwaeleza wasomaji wetu habari za jirani zetu wa Uganda, kwani wao wamelionja tangu mwanzo wake hadi mwisho wake.

Kwa miaka mingi umeme wa Uganda ulikuwa kazi ya Serikali. Bwawa la Owen Falls, kule Jinja mto Nile unapotoka katika ziwa Victoria, lilifunguliwa mwaka 1954, na shirika moja la Serikali ndilo lililozalisha umeme na kuuuza. Lakini haki na isemwe: shirika lile lilikuwa limechoka. Zaidi ya theluthi ya umeme ilipotea njiani, kwa nyaya mbovu na kwa wizi, na madeni hayakukusanywa. Basi ikatungwa sheria mwaka 1999, na mwaka 2001 shirika likagawanywa makampuni matatu: la kuzalisha, la kusafirisha na la kusambaza. Mwaka 2003 mabwawa ya Jinja yakakodishwa kwa kampuni ya Eskom ya Afrika Kusini. Mwaka 2005 usambazaji ukakodishwa kwa miaka 20 kwa kampuni iliyochukua neno letu la Kiswahili kuwa jina lake: Umeme.

Msomaji na aliangalie neno hili, kukodishwa. Nguzo na nyaya hazikuuzwa. Zilibaki mali ya umma.

Haukupita muda, maji ya ziwa yakapungua, na giza likazidi mijini. Zikaletwa mashine za kuzalisha umeme kwa dizeli, ambazo gharama yake ni kubwa mno. Bei ikapandishwa mara mbili katika mwaka 2006. Serikali ikawa yalipa ruzuku ili bei isizidi hapo, lakini ruzuku ikawa mzigo usiobebeka, na Januari 2012 ikaondolewa. Uniti moja ya nyumbani iliyokuwa kiasi cha shilingi 385 za Uganda ikawa shilingi 524, yaani nyongeza ya zaidi ya theluthi kwa mara moja. Kukopa harusi, kulipa matanga. Watu wakailaumu kampuni, kwani jina lake ndilo walilolisoma juu ya ankara.

Je, lawama hiyo ilikuwa mahali pake? Tuitazame bei yenyewe. Kwanza, haikupangwa na kampuni peke yake. Kiko chombo kilichowekwa kwa sheria ile ya mwaka 1999, na bei haitozwi bila ya idhini yake. Pili, mkataba uliiahidi kampuni faida ya asilimia 20 kwa mwaka juu ya fedha ilizowekeza, na fedha hizo ni mnunuzi azirudishaye. Tatu, bwawa la Bujagali la megawati 250, lililofunguliwa mwaka 2012, lilijengwa na watu binafsi kwa mkataba wa miaka 30, ambao kwa huo wenyewe hulipwa kwa kuwa mitambo i tayari, umeme utumike usitumike. Nne, madeni mengi ni ya dola, kwa hiyo shilingi ikishuka, bei hupanda. Katika mambo haya manne, hakuna hata moja lililokuwa bila ya saini au idhini ya Serikali.

Huenda mtu akauliza: Je, kampuni haina la kuulizwa? Jawabu yetu ni kwamba inalo. Yaulizwa juu ya huduma yake, na upungufu ulikuwapo. Lakini wateja wasiofika 300,000 mwaka 2005 walizidi milioni mbili, na upotevu ukashuka chini ya asilimia 20. Ama masharti ya faida, kampuni ilichukua kilichoridhiwa.

Twajua sote habari ya msimamizi wa mali ya yatima. Akilikodisha shamba la yatima kwa masharti mabaya, hawezi kusema, "Muulizeni mpangaji." Mpangaji ataulizwa juu ya aliyoyaharibu, lakini msimamizi ndiye atakayeulizwa kwa nini aliyakubali masharti yale. Amana haihami kwa kukodishwa.

Mkataba ulikwisha tarehe 31 Machi 2025, na kampuni ya Serikali ikaipokea kazi. Serikali ilikopa dola milioni 118 ili kuilipa Umeme fedha ambazo zilikuwa hazijarudi. Umeme ikadai zaidi, na mwaka huo huo shauri likapelekwa kwa wasuluhishi London. Bei ilishuka kidogo tu. Basi asidhani mtu kwamba kurudi kwa Serikali peke yake huleta nafuu, kwani deni la mkataba mbaya halifi kwa kubadili jina juu ya ankara.

Lipasalo Serikali yoyote ni kuuweka mkataba wazi kabla ya kuutia saini, kupima faida kwa kiasi, na kumlinda mnyonge, kama ilivyo Uganda ambako uniti 15 za kwanza za mwezi hutozwa bei nafuu. Nasi wananchi yatupasa kuhudhuria mikutano ambayo maombi ya bei husikilizwa hadharani, na kuwafunza vijana wetu kuisoma ankara na sheria kama wasomavyo hesabu. Asiyejua alichotiliwa saini leo atakilipa kesho, naye hatajua amuulize nani.