Msonyo Usio na Herufi

Hadithi hadithi! Haya sogeeni, kisa cha leo kimo ndani ya simu zenu.

Juzi nilikuwa Shela, Malindi, barazani kwa bibi mmoja jirani yetu. Mjukuu wake anasoma Chuo Kikuu cha Pwani, Kilifi. Bibi alikuwa amemwandikia kuwa safari ya kwenda kumwona imevunjika, mvua haikatiki. Jibu likaja: “Nkt.”

“Mwanangu, hebu nisomee. Neno gani hili?”

Halisomeki, hutendwa. Nikabandika ulimi kwenye meno, nikavuta hewa ndani, nkt! Bibi akaruka. “Ananisonya mimi?”

Jaribuni nanyi. Mnasikia? Sauti hiyo mnaijua tangu utotoni, wengine huita kufyonya, lakini alfabeti yetu haina herufi yake. Vijana wa Kenya wakakusanya konsonanti tatu, wakaziacha bila irabu, na kila aliyesonya maishani mwake akazielewa. Mimi nawavulia kofia. Wameandika kitendo cha ulimi.

Ndivyo ilivyo “woiye” pia, mkono unaowekwa begani mwa aliyefikwa na jambo. Na ukiandika “nimekufa”, hakuna anayetafuta sanda. Wenzako wanajua umecheka hadi mbavu zimeuma.

Maandishi hayana uso, na hilo limewasumbua wengi. Tarehe 19 Septemba 1982, Scott Fahlman wa Chuo Kikuu cha Carnegie Mellon, Marekani, aliona mizaha ya wenzake kwenye kompyuta ikichukuliwa kuwa kweli. Akapendekeza nukta pacha, kistari na mabano: tabasamu lililolala ubavu.

Lakini sisi tulikuwa na neno letu la kutenda kabla ya kompyuta. Shikamoo! Asili yake ni “nashika miguu yako”. Leo husujudu wala huinami. Neno lenyewe linakuinamia. Linashika miguu iliyoko Malindi nawe uko Kilifi.

Bibi hakuhitaji kuelezwa hilo. Alinirudishia simu. “Mwandikie: shikamoo iko wapi?”

Nikaandika. Haikupita dakika.

“Shikamoo bibi. Nisamehe, naisonya mvua.”

Bibi akaichukua simu, akavaa miwani, akabonyeza herufi moja moja kwa kidole cha shahada: “Marahaba mjukuu wangu. Nkt mvua.”