Heller ya Tabora na Ufa Uliovimba

Sogeeni, na mwenye kioo cha kukuzia akilete. Mwaka 1916, Vita vya Kwanza vya Dunia vikiwa vimefika hadi bara, Wajerumani waliotawala nchi ambayo leo ni Tanzania Bara waliishiwa sarafu. Walizoea kuletewa kutoka Ujerumani, lakini manowari za Waingereza zilikuwa zimeziba bahari. Basi wakaigeuza karakana ya reli pale Tabora kuwa kiwanda cha fedha. Mihuri ya chuma ikatengenezwa hapohapo, na sarafu za heller 20 zikaanza kupigwa, nyingine za shaba nyekundu, nyingine za shaba ya njano. Upande mmoja ziliwekwa taji, herufi D.O.A., mwaka, na T ya Tabora.

Mihuri ile ya haraka haikudumu, ilipasuka. Hapa sasa fungueni macho. Mhuri ukipata ufa, ufa huo ni shimo jembamba. Shaba ikibanwa kwa nguvu hujaa mle ndani, kwa hiyo kwenye sarafu ufa hutokea kama uzi uliovimba. Pitisha ukucha, utaugusa. Mkwaruzo ni kinyume chake: msumari huchimba, na shaba iliyosukumwa hurundikana pembeni mwa mfereji. Msumari hauwezi kuongeza shaba palipokuwa hakuna. Ukielewa hilo tu, umeshawapita watu wazima wengi wanaouza sarafu mnadani.

Halafu utakuta taji kubwa kwenye heller moja na dogo kwenye nyingine. Usipige kelele. Mihuri ilikuwa zaidi ya mmoja, basi.

Twende kwa pesa ya Wajerumani, ile ya shaba ya miaka ya 1890, ambayo 64 zilifanya rupia moja. Ukiikuta imemegeka ukingoni, je, ilizaliwa hivyo? Mmewaona mama zenu wakikata maandazi kwa kikombe: kikombe kikigusa tundu la andazi lililotangulia, linalofuata hutoka limeng'atwa. Vipande vya sarafu navyo hukatwa kwenye bamba, na hung'atwa vivyo hivyo. Ila ukingo huinuliwa kwa kukiviringisha kipande huku kikiminywa pande mbili kwa pamoja, na palipomegeka hapana cha kuminya. Kwa hiyo tazama upande wa pili, mkabala na pengo: mara nyingi ukingo wa pale ni hafifu. Aliyekata kwa tupa jana hakukumbuka hilo. Tena tupa huacha mistari, na shaba iliyokatwa karibuni hung'aa wekundu wakati sarafu nzima imekuwa kahawia. Lakini rangi isikudanganye: jeraha la miaka themanini nalo limeshakuwa kahawia.

Mizani husaidia zaidi. Pesa hiyo ina uzito wa kadiri ya gramu 6.5. Ukiikuta nyembamba, nyepesi, na maandishi yake yamelainika kila mahali kwa usawa, shuku tindikali kabla ya kushuku kiwanda.

Ujanja ninaouchukia ni wa jiliwa. Mtu huweka sarafu mbili uso kwa uso, akazikaza, kisha anakuletea moja yenye maandishi ya kinyumenyume yaliyodidimia. Kiwandani jambo hilo hutokea kweli, sarafu iliyopigwa ikinasa kwenye mhuri na kuichapa inayofuata. Lakini ile ya kweli haina picha ya kawaida chini ya ile ya kinyume, na mgongo wake umechapwa vizuri. Ya jiliwa ina picha zote mbili zikigombana, na mgongo umelala bapa.

Na tundu? Kwenye pesa ni kazi ya mtu aliyetaka kuivaa shingoni. Kwenye senti 10 ya shaba ya Afrika Mashariki, iliyotolewa kuanzia 1921, tundu ni la kiwandani, katikati kabisa. Hiyo ukiikuta haina tundu, chunguza kwanza kama kuna aliyeliziba, halafu uje kunionyesha.