Usipuuze Maumivu ya Kisigino

Je, ukiamka asubuhi unachechemea kwa maumivu nyuma ya mguu, juu kidogo ya kisigino? Huenda kano yako imechoka kwa kubeba kuni na maji mwendo mrefu.

Punguza mizigo, lakini usilale tu kitandani. Acha kandambili, vaa viatu vilivyoinuka kidogo kisigino. Shika ukuta, simama kwa vidole ukingoni mwa tofali imara, kisha shusha visigino polepole mara 15. Rudia mara 3, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Usichanje chale.

Ukisikia mlio ghafla mguuni, ukashindwa kusimama kwa vidole, huenda kano imekatika. Fika kituo cha afya siku hiyohiyo. Kuchelewa kunaweza kuleta ulemavu.