Mti wa Miiba Katika Bakuli

Wako watu watunzao miti mikubwa mashambani, na wako watunzao miti midogo ndani ya bakuli. Kazi hii ya pili yaitwa bonsai. Neno hilo ni la Kijapani: bon maana yake bakuli au sinia, na sai maana yake kupanda. Lakini mwanzo wa kazi yenyewe ni Uchina. Huko, katika kaburi la mwana mmoja wa kifalme lililojengwa mwaka 706, imeonekana picha ya watumishi waliochukua vyombo vyenye mawe na mimea midogo. Wajapani waliupokea ustadi huo, wakauendeleza, na leo umeenea Ulaya na Marekani.

Tusidhani kwamba bonsai ni aina ya mti uliozaliwa mdogo. Sivyo. Ni mti kama mingine. Ukirudishwa shambani, utaanza tena kurefuka. Udogo wake watokana na bakuli, na kukatwa kwa matawi na mizizi kwa akili.

Leo twataka kueleza mti mmoja wa Ulaya ambao wataalamu huuita Crataegus monogyna, na Wafaransa aubépine. Ni wa jamaa moja na mwaridi na mtofaa. Una miiba mikali, maua meupe mwezi wa Mei, na matunda madogo mekundu kabla ya baridi kuingia. Huko Uingereza, hasa kati ya mwaka 1750 na 1850, mashamba yalipogawanywa, watu waliupanda kwa wingi uwe ua, kwa maana ng'ombe hapendi kupenya penye miiba.

Basi ua uliokatwa mwaka kwa mwaka, au kichaka kilichotafunwa na kondoo na sungura juu ya kilima, hupata shina fupi na nene, lenye mikunjo na makovu. Upepo na wanyama wamekwisha fanya kazi ya miaka mingi, ambayo mkono wa mtu hauwezi kuimaliza upesi. Ndiyo sababu watunzaji wengi huona heri kuchimba mti mzee kama huo kuliko kupanda mbegu.

Lakini hapo pana hatari mbili. Ya kwanza ni wizi. Tangu mwaka 1981 sheria ya Uingereza yakataza kung'oa mmea wowote wa porini bila ruhusa ya mwenye ardhi, na tangu 1997 nyua nyingi za mashambani zalindwa kwa kanuni zake. Achimbaye kwa siri ni mwivi, hata kama bakuli lake ni zuri. Afadhali amwendee mwenye shamba au bustani anayetaka kuondoa ua wa zamani, amwombe.

Hatari ya pili ni kifo cha mti wenyewe. Mti ulioishi miaka hamsini waweza kufa katika miezi michache kwa pupa ya aliyeuchimba. Kwa hiyo huchimbwa mwisho wa majira ya baridi, kabla ya machipukizi kufunguka. Mizizi minene hukatwa, lakini mizizi myembamba karibu na shina hutunzwa sana, kwa sababu ndiyo inayonywa maji. Kisha mti huwekwa katika sanduku la mbao, katika udongo wa chembechembe usiotuamisha maji, kama ule wenye mawe mepesi ya volkano. Hufungwa imara usitikisike, maana kila tikiso hukata mizizi michanga. Baada ya hapo mtunzaji humwagilia maji, na kungoja. Mwaka wa kwanza haukati mti huo. Hata mwaka wa pili na wa tatu hungoja mpaka machipukizi yawe marefu na yenye nguvu.

Nguvu zikirudi, ndipo kazi ya kuupa mti umbo huanza, na ndipo wengi hupotea. Hufunga waya kila tawi na kuyalaza yote chini kama matawi ya msonobari, hata mti ukafanana na kitu cha dukani. John Naka, Mmarekani wa ukoo wa Kijapani aliyefariki mwaka 2004, alifundisha kinyume chake: tusiufanye mti ufanane na bonsai, bali bonsai ifanane na mti.

Basi mtunzaji aende kwanza akatazame mti wa miiba uliozeeka peke yake malishoni. Ataona matawi yake hupanda juu kwa kupindapinda, kisha hutawanyika; vitawi vya mwisho ni vyembamba, tena vimesongamana. Penye upepo mkali, kichwa chote huinama upande mmoja. Hayo ndiyo ayafuate.

Njia ifaayo ni ile ya Wachina wa kusini, yaani kukata na kuacha. Tawi hukatwa juu ya chipukizi lielekealo upande utakiwao. Huachwa likue mpaka linenepe, kisha hukatwa tena. Kila mkato huleta pindo moja, na mapindo mengi hufanya tawi la kweli. Waya hutumika kwa vitawi vichanga tu. Samaki mkunje angali mbichi: tawi la zamani la mti huu ni gumu, likilazimishwa huvunjika. Nayo makovu makubwa ya shina huchongwa yawe mashimo, kama yale ya mti uliopoteza tawi kwa dhoruba.

Jambo moja lahitaji uchaguzi. Maua hutoka katika vitawi vifupi vilivyokomaa. Akataye vyote kila mwaka atapata matawi mazuri bila ua hata moja. Basi kwanza hujenga matawi kwa miaka kadhaa, na maua huja baadaye.

Kazi nzima yaweza kuchukua miaka kumi au zaidi, na mwishowe alama za mkasi zapasa kutoweka. Ikifanywa vema, mtazamaji hataulizia jina la fundi. Atauliza mti huo uliota kilima gani.