Sabuni kwenye udongo: dawa au tatizo?

Umewahi kumwagilia udongo mkavu, maji yakabaki juu kama shanga? Chembe zake zina utando wa nta kutoka mabaki ya mimea. Wakulima wa mashamba ya mchanga Australia Magharibi hutumia dawa za jamii ya sabuni: upande mmoja wa molekuli hushika nta, mwingine maji, na maji yanazama.

Lakini usikimbilie kumwaga maji ya kufulia bustanini! Sabuni hushusha mvutano wa uso wa maji kutoka milinewtoni 72 kwa mita hadi karibu 30. Mvutano huo ndio unaoshikilia maji kwenye vitundu vya udongo; ukipungua, udongo wa kawaida hubaki na maji kidogo.

Basi, dondosha tone kwenye udongo mkavu. Likizama ndani ya sekunde 5, sabuni ya nini?