Kalamu Inaelekea kwa Nani?

"Borrow me your pen." Sentensi hii ya Kiingereza imesahihishwa madarasani kwetu mara zisizo na hesabu, na bado inasikika, hata maofisini kwa watu wazima wenye shahada. Mwalimu husema, "Si borrow, ni lend," kisha anafuta ubao. Kesho yake kosa linarudi.

Linarudi kwa sababu mzizi wake haujaguswa. Anayesema hivyo anafikiri kwa Kiswahili, na hapo Kiswahili kinamtosha kwa kitenzi kimoja: kuazima. Tunasema "nimeazima baiskeli", na tunasema "nimemwazima Asha baiskeli". Kitenzi hakikubadilika, ila katika sentensi ya pili kiambishi "m" kimetuonyesha kwamba baiskeli imekwenda kwa Asha. Vivyo hivyo, anayesema "niazime kalamu" anaeleweka mara moja kuwa yeye ndiye atakayeipokea.

Kiingereza kimeigawa kazi hiyo kwa vitenzi viwili. "Borrow" ni tendo la anayepokea, na hufuatwa na "from" kumtaja mwenye mali. "Lend" ni tendo la anayetoa, na hufuatwa na "to" kumtaja anayepewa. Kwa hiyo kabla ya kufungua mdomo, mtazame mtenda wa sentensi: kitu kinamjia au kinamtoka? Kikimjia, ni "borrow". Kikimtoka, ni "lend".

Wala si sisi peke yetu tunaojikwaa hapa. Wajerumani wana "leihen" na "borgen", na kila kimoja huweza kutumika kwa mtoaji na kwa mpokeaji. Hilo "borgen" ni ndugu wa damu wa "borrow". Yote mawili yanatokana na neno la kale lililohusu dhamana.

Lakini mtu asidhani Kiswahili ni maskini katika jambo hili. Sisi tumeweka mpaka mahali ambapo Kiingereza hakikuweka. Baiskeli tunaiazima, fedha tunazikopa. Baiskeli itarudi ile ile, na kengele yake na mkwaruzo wake. Noti za elfu kumi zitatumika, na zitakazorudi ni nyingine zenye thamani ile ile. Ndiyo maana kilichoazimwa hurudishwa, na kilichokopwa hulipwa. Wahenga waliposema "kukopa harusi, kulipa matanga" hawakusema kurudisha matanga. Sheria ya Kirumi ilitenganisha mambo haya kwa majina mawili, commodatum na mutuum. Sheria ya Kiislamu nayo hutenganisha ariya na qardh, na hilo la pili ndilo karadha ya watu wa pwani. Mwingereza hu-"borrow" baiskeli, sukari na milioni kumi za benki kwa neno moja.

Kuna jambo hapa ambalo mimi naliona zuri. Mtu anayemwendea rafiki yake kwa shida ndogo mara nyingi hasemi "nikopeshe elfu kumi", husema "niazime elfu kumi". Anajua noti ile haitarudi yenyewe. Ameliteua neno jepesi ili ombi lisinuke deni, na ili ahadi ya kurudisha ionekane ya karibu. Hakuna jozi ya "borrow" na "lend" inayoweza kulibeba hilo.

Kwa upande wa nyumba, mambo yanageuka kabisa. Kiswahili kinasema mpangaji amepanga na mwenye nyumba amepangisha; hakuna atakayewachanganya. Kiingereza kina "rent", na "I rented the house" inaweza kutamkwa na yeyote kati ya hao wawili. Waingereza huweza kuepuka utata huo kwa kumpa mwenye nyumba neno "let". Kwa gari la siku mbili tatu wao hupendelea "hire", wakati Wamarekani husema "rent" hapo pia.

Limebaki "loan". Kama nomino ni mkopo tu. Kama kitenzi, Wamarekani hulitumia sana mahali pa "lend", na Waingereza wengi wangali wanalikwepa katika maandishi rasmi. Ila kwa msaada na usikivu hubaki "lend" pekee: Mwingereza hu-"lend" mkono, hu-"lend" sikio. Sisi sikio hatuliazimishi, tunalitega.

Basi ombi langu ni kwa walimu wenzangu wa lugha. Tusiandike ubaoni kwamba "borrow" ni kuazima na "lend" ni kukopesha, kwa maana jozi hiyo haipo. Tuwasimamishe wanafunzi wawili mbele ya darasa, tuwape kalamu moja, na kila mmoja aieleze safari ya kalamu hiyo akianzia na jina lake mwenyewe.