Kamera ya Bei Nafuu Githongo: Piga Hesabu Kabla ya Kulipa

Bonasi ya majani chai ikishaingia, kila nyumba inayopeleka majani katika Kiwanda cha Chai cha Githongo huwa na jambo lililokuwa likisubiri: karo, mabati, tangi la maji, ng'ombe wa maziwa. Katika baadhi ya nyumba kijana huomba asaidiwe kununua kamera, na ombi hilo lina msingi. Desemba inakaribia, shule zitafungwa, waliohamia Nairobi watarudi nyumbani, na kuanzia Kariene hadi Katheri kutakuwa na harusi, mahari, tohara na ibada za shukrani. Kila shughuli itataka picha.

Lakini soko la kamera za bei nafuu limejaa mitego, na aliyeingia mtegoni hana pesa nyingine ya kujaribu tena. Kwa hiyo nina msimamo mmoja ambao ningependa kila mnunuzi aushike. Usipime kamera kwa bei iliyobandikwa wala kwa megapikseli. Ipime kwa gharama yote ya kuifanya ipige picha kwa miaka mitatu hapa Githongo, ambako fundi wa kamera yuko mbali. Ukipima hivyo, iliyoonekana rahisi mara nyingi hugeuka kuwa ghali.

Kamera ndogo zilienda wapi?

Mwaka 2010 kampuni za kamera zilisambaza duniani zaidi ya kamera za dijitali milioni 120. Kufikia 2020 idadi hiyo ilikuwa imeshuka chini ya milioni 9. Simu ndiyo iliyochukua nafasi ya kamera hizo. Casio iliacha kutengeneza kamera ndogo mwaka 2018. Kodak iliomba ulinzi wa mahakama dhidi ya wadai wake Januari 2012, na kamera ndogo zinazouzwa leo kwa jina hilo, za Kodak PIXPRO, zinatoka kwa kampuni ya JK Imaging iliyopewa leseni ya kulitumia. Si kamera mbaya, ila usizinunue ukidhani unapata kiwanda kile ambacho wazazi wetu walikijua wakati wa filamu.

Pengo lililoachwa na kampuni kubwa limejazwa na kamera zisizo na jina la kueleweka. Wakati huohuo vijana wa ng'ambo wamezipenda upya kamera ndogo za miaka ya 2000, na bei ya zile zilizotumika imepanda. Ndiyo maana mtu mwenye pesa kidogo anaona leo bei zisizolingana na ubora.

Kwanza, simu uliyo nayo

Ikiwa picha zako zinaishia kwenye kundi la WhatsApp la familia, usinunue kamera. Mchana, nje, simu ya kawaida ya miaka ya karibuni hupiga picha sawa na kamera ndogo, na programu yake hurekebisha mwanga kabla hujaiona picha. Hata karatasi haidai mengi: picha ya inchi 4 kwa 6 huhitaji takriban megapikseli 2 tu, na ya ukubwa wa A4 karibu 9.

Simu hushindwa mahali patatu. Ndani ya kanisa lenye mwanga hafifu, au usiku, picha hujaa chengachenga. Bwana harusi akiwa mbali, kumvuta kwa vidole kwenye kioo ni kukata tu kipande cha picha na kukikuza. Tena simu inayopiga picha siku nzima ndiyo hiyohiyo inayopokea M-Pesa na simu za wateja, na betri ni moja. Kama matatu haya hayakugusi, pesa yako ina kazi nyingine.

Chini ya elfu kumi: epuka

Hapa ndipo zilipo kamera zinazotangazwa kuwa na megapikseli 48 au 64, video ya 4K na zumu ya mara 16, kwa bei ya chini ya shilingi elfu kumi. Nyingi zina kihisi kidogo cha mwanga chenye sehemu ndogo tu ya megapikseli hizo. Nambari kubwa hupatikana kwa programu inayotanua picha ndogo, na zumu ni ukataji uleule wa simu. Lenzi haisogei kamwe. Flashi mara nyingi ni kitaa cha LED, kisicho na nguvu ya kufika kiti cha pili.

Kwenye kioo kidogo cha dukani picha zake hupendeza. Zipeleke kwenye tarakilishi na uzikuze: nywele zimekuwa rangi iliyopakwa, na nyuso hazina ngozi. Ikiharibika, hakuna fundi wa kuigusa wala mtu wa kuinunua. Thamani yake huisha siku uliyoilipia.

Elfu kumi hadi ishirini na tano: kamera ndogo yenye jina

Kundi hili lina aina mbili tofauti. Kuna zilizotumika, kama Canon IXUS 185 au Sony Cyber-shot W800, zenye megapikseli 20 na zumu halisi ya lenzi: mara 8 kwa Canon, mara 5 kwa Sony. Kuna pia mpya za Kodak PIXPRO, kama FZ45 na FZ55, zenye megapikseli 16.

FZ45 ina faida ambayo watu wa mashambani wataielewa haraka: inatumia betri mbili za AA, zile zinazouzwa katika kila duka. Stima ikikatika siku mbili, kamera bado inafanya kazi. Nunua seti mbili za betri za AA za kuchajiwa, na zile za dukani ziwe za dharura. Kwa mwalimu anayetunza kumbukumbu za shule, katibu wa kanisa au karani wa chama, hii inatosha kabisa.

Ila ujue mipaka yake. Kihisi cha kamera hizi kina upana wa milimita 6 hivi, hakizidi sana kile cha simu. Unacholipia ni zumu, flashi yenye nguvu na betri iliyo peke yake. Tena lenzi inayochomoza na kurudi ndani ni mlango wa vumbi. Punje moja ya vumbi la barabara wakati wa kiangazi inaweza kukwamisha meno yake, na kuitengeneza mara nyingi hugharimu zaidi kuliko kununua nyingine. Betri ya IXUS 185 au W800 hutoa picha 200 hivi, na harusi moja huzimaliza kabla ya keki kukatwa.

Elfu ishirini hadi thelathini: DSLR iliyotumika

Kwa anayetaka kamera imrudishie pesa, hapa kwenye DSLR, yaani kamera kubwa yenye lenzi ya kubadilishwa, ndipo pa kutua. Tafuta Canon 1100D ya 2011, 1200D ya 2014, Nikon D3100 ya 2010 au D3200 ya 2012, ikiwa na lenzi yake ya milimita 18-55. Wauzaji wengi huziita "ex-UK", yaani zilizotumika Uingereza. Mpya za daraja hilo, kama Canon 4000D na 2000D za mwaka 2018, huwa karibu bei mara mbili.

Usiogope umri. Kihisi cha 1200D ni milimita 22.3 kwa 14.9, na eneo lake ni karibu mara 12 ya kile cha kamera ndogo. Kadiri eneo linavyokuwa kubwa ndivyo mwanga mwingi unavyoingia, na hiyo ndiyo tofauti utakayoiona ndani ya kanisa lenye madirisha madogo. Megapikseli zake 18 ni nyingi kuliko inavyohitaji karatasi yoyote utakayochapisha hapa. Ukiangalia kwa jicho kwenye kitundu chake badala ya kioo, betri moja hutoa picha 500 hivi.

Kuna mambo mawili ambayo muuzaji huenda asikuambie. La kwanza ni zuri: Canon 1100D, 1200D, 1300D, 2000D na 4000D zote hutumia betri moja ya aina ya LP-E10, kwa hiyo betri ya akiba haitakusumbua kuipata, na ukibadilisha kamera betri zako zinakufuata. La pili ni onyo. Kwenye 2000D na 4000D, Canon iliondoa pini ya katikati pale juu panapokaa flashi. Flashi za bei nafuu za studio zinazotegemea pini hiyo moja haziwaki. Mwenye mpango wa kufungua studio ya pasipoti karibu na mahakama au hospitali ya Githongo, ambako watu hujaza fomu kila siku, atahudumiwa vizuri zaidi na 1200D kuliko 4000D mpya aliyoilipia mara mbili. Isitoshe, pete ya kufungia lenzi kwenye 4000D ni ya plastiki.

Gharama zisizobandikwa

Chukua mfano wa DSLR ya shilingi 27,000. Ongeza betri ya pili 1,500, memori kadi ya GB 32 kwa 1,200, mkoba 1,500, kisomaji cha kadi cha kuunganisha na simu 500, na nauli ya Nairobi kwenda na kurudi 2,000. Jumla ni 33,700. Kwa hiyo weka pembeni robo ya bei ya kamera kabla hujaingia dukani. Kwa miezi 36 hiyo ni chini ya shilingi elfu moja kwa mwezi. Tuseme mteja wa pasipoti anakuachia shilingi 100 baada ya karatasi na wino: wateja 337 wanairudisha gharama yote. Na ukiichoka, DSLR yenye jina bado ina mnunuzi.

Memori kadi nayo ina mitego yake. Baadhi ya kamera za zamani hazisomi kadi za GB 64 na kuendelea. GB 32 ni salama kwa nyingi, ingawa zile za kale kabisa hukomea GB 2. Kadi bandia ni nyingi: imeandikwa GB 64, ndani ina 8. Ijaze yote nyumbani kisha ufungue kila faili, kabla hujaiamini na harusi ya mtu. Epuka pia kamera zinazotumia xD au Memory Stick, kwa kuwa kadi hizo zimekuwa adimu.

Gharama ya mwisho ni hali ya hewa yetu. Upande huu wa Mlima Kenya una mvua za Machi hadi Mei na Oktoba hadi Desemba, na katikati kuna baridi ya Julai yenye ukungu. Lenzi ikifungiwa kwenye mkoba wenye unyevu huota kuvu ndani ya vioo. Itunze kwenye chombo kikavu cha plastiki chenye mfuniko, pamoja na vile vipakiti vya kunyonya unyevu vinavyokuja na viatu, na uitoe mara kwa mara.

Pa kununua, na namna ya kukagua

Mjini Meru utaona chache lakini utarudi kwa muuzaji kwa urahisi. Nairobi, katika maduka ya Moi Avenue na Luthuli Avenue, chaguo ni pana na bei hushindana, ila kurudi kulalamika ni safari ya zaidi ya kilomita 200. Tofauti ya bei ikiwa chini ya shilingi elfu tatu, nunua Meru. Kwa tangazo la mtandaoni, kama la Jiji au la Facebook, usitume pesa kabla hujaishika kamera.

Ukiishika, fanya haya. Washa tochi ya simu upande mmoja wa lenzi na uangalie upande wa pili: nyuzi kama utando wa buibui ni kuvu, na lenzi hiyo uiache. Weka tundu la lenzi kwenye f/16, piga picha ya anga, uikuze: madoa meusi ni vumbi kwenye kihisi, na yasipotoka kwa kusafishwa ni mikwaruzo. Zungusha zumu mwanzo hadi mwisho. Inua flashi na uiwashe mara kadhaa. Kwa Nikon, faili ya picha hubeba idadi ya mara ambazo kamera imepiga, na programu za bure huisoma. D3100 ilitengenezwa ikipimwa kwa mipigo 100,000.

Kisha dai risiti yenye nambari ya kamera, nakala ya kitambulisho cha muuzaji, na ulipe kwa M-Pesa ili ujumbe ubaki. Kifungu cha 322 cha Kanuni ya Adhabu kinahusu kupokea mali ya wizi, na adhabu yake inaweza kufika miaka 14. Kamera inayouzwa nusu ya bei kwa haraka, bila chaja wala risiti, haifai hata kwa zawadi.

Uamuzi

Kwa kumbukumbu za familia, baki na simu. Kwa shule, kanisa au chama kinachotaka kitu chepesi ambacho kila mtu anaweza kukishika, chukua Kodak FZ45 na betri za AA za kuchajiwa. Kwa kijana anayetaka kula kwa jasho la picha, chukua Canon 1200D iliyotumika yenye lenzi safi, betri mbili na risiti. Akitaka kutuma picha kwenye simu ya mteja papo hapo bila kisomaji cha kadi, aongeze kidogo apate 1300D ya 2016 yenye Wi-Fi, na azitume kama hati ili WhatsApp isizipunguze ubora.

Na kama pesa iliyopo ni elfu nane, usishuke kwenye kamera isiyo na jina kwa sababu tu hamu imepanda. Elfu nane ulizompa muuzaji huyo zimekwisha. Elfu nane zilizowekwa kwenye chama ni karibu theluthi ya kamera itakayokulisha.